Nani Ampishe Nani? Kupishana kwa Baiskeli Kwenye Njia Nyembamba za Newala

Ukitoka Newala mjini ukafika ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla. Chini yako ni bonde la mto Ruvuma, na siku isiyo na ukungu unaiona Msumbiji ng'ambo ya pili. Kutoka hapo juu kwenda bondeni zinashuka njia za mguu zilizokanyagwa vizazi na vizazi. Nyingi ni za kupita mtu mmoja. Mkono wa kulia unagusa ukuta wa udongo mwekundu, wa kushoto hauna cha kugusa.

Kwenye mojawapo ya njia hizo, miaka kadhaa nyuma, nilimwangusha mzee wa watu.

Nilikuwa napanda. Baiskeli yangu ni ya milimani, ina gia, shokapu mbele na breki za diski, na siku hiyo sikubeba chochote zaidi ya chupa ya maji. Yeye alikuwa anashuka na Phoenix, nyuma kwenye keria amefunga mifuko miwili ya saruji kwa mpira wa tyubu. Nilimsikia kabla sijamwona. Breki zilikuwa zinalia, na chini ya mlio huo kulikuwa na sauti nyingine ya kukwaruza, ambayo baadaye nilielewa kuwa ni kandambili yake: alikuwa ameikandamiza kwenye tairi la mbele ili imsaidie kupunguza mwendo. Alipochomoza kwenye kona tulikuwa tumebakiza mita kumi na tano hivi. Mimi nilikuwa nimesoma kanuni ya waendesha baiskeli wa milimani inayosema kwamba anayeshuka humpisha anayepanda. Nikabaki katikati ya njia, nikimngoja anipishe.

Aliugonga ukuta wa udongo kwa makusudi ili asinigonge mimi. Baiskeli ikalala, mfuko mmoja ukapasuka, saruji ikatimka ikatufunika wote wawili. Kiwiko chake kilichubuka. Hakunitukana. Aliketi chini, akajipangusa macho, akasema: "Kijana wangu, sasa mimi ningesimama na nini?"

Nilimlipa mfuko wake nikamsindikiza hadi bondeni, lakini swali lake sikuwa na jibu nalo. Kanuni niliyoishika haikuwa ya uongo. Inafuatwa na waendesha baiskeli wa nchi nyingi, na ina sababu nzuri. Mimi niliijua kanuni, sababu yake sikuijua. Sasa vijana wengi wa Mtwara, Masasi na Lindi wananunua baiskeli za gia na kuingia nazo kwenye njia za mashambani siku za mapumziko, na naona kosa langu likirudiwa na watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Ndiyo maana nataka tulifumbue jambo hili taratibu.

Kanuni ilikotoka

Mchezo wa baiskeli za milimani ulianza kaunti ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, miaka ya 1970. Vijana kama Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly walikuwa wakitafuta baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, za tairi nene, wakizipandisha mlimani na kushuka nazo kwa kasi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza kwenye mteremko walioupa jina la Repack. Breki za baiskeli zile zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, unazishika kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi iliungua na kutoa moshi, na kila baada ya kushuka ilibidi habu ifunguliwe ipakwe grisi upya. Jina Repack lilitokana na kazi hiyo.

Habari hii naipenda. Mchezo ambao leo una baiskeli za bei kubwa, na ambao uliingia kwenye Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, ulianzishwa na watu waliokuwa na baiskeli zinazokaribiana sana na Phoenix ya yule mzee: chuma kizito, hazina gia, breki zisizoumudu mlima. Wao walijua vizuri maana ya kutaka kusimama ukakosa cha kusimamia.

Baiskeli zilipoongezeka njiani, ugomvi nao ukaja. Waenda kwa miguu na wapanda farasi walilalamika kwamba wanashtuliwa na kusukumwa pembeni, na katika miaka ya 1980 njia nyingi zilifungiwa baiskeli. Mwaka 1988 vyama vya waendesha baiskeli vya California viliungana vikaunda chama kinachojulikana kwa kifupi kama IMBA, nacho kikasambaza kanuni za njiani ambazo ndizo msingi wa adabu ya mchezo huu hadi leo. Pita palipo ruhusa. Usiharibu njia. Imudu baiskeli yako. Pisha inavyostahili. Usiwatishe wanyama. Jiandae kabla ya safari. Kwenye kupisha, baiskeli humpisha mwenda kwa miguu na mpanda farasi, na anayeshuka humpisha anayepanda, isipokuwa njia iwe imewekewa alama kuwa ni ya upande mmoja au ya kushuka tu.

Kanuni hizi zilitungwa mahali ambapo karibu kila aliyeko njiani amekuja kupumzika. Mwenye farasi, mwenye viatu vya kupandia mlima, mwenye baiskeli, wote siku hiyo hawako kazini. Njia za Newala na Tandahimba si za namna hiyo. Ni njia za kwenda shamba, kisimani, shuleni, zahanati, msibani. Anayekuja mbele yako yuko kazini. Mwenye kofia ngumu na glavu mara nyingi ndiye peke yake aliyekuja kujifurahisha. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kumfanya awe wa kwanza kusogea, lakini tusiishie hapo, maana heshima isiyojua namna mwili na chuma vinavyofanya kazi inaweza bado kumvunja mtu mguu.

Kusimama kunagharimu nini

Chukua baiskeli inayoshuka kwa kilomita 30 kwa saa. Hiyo ni mita nane na kitu kwa kila sekunde. Ukiona mtu mbele, karibu sekunde nzima inapita kabla vidole havijabana breki, kwa hiyo mita nane zimekwenda bure. Kisha breki zinaanza kazi. Kwenye udongo mkavu wa mteremko wa wastani, hata kwa breki nzuri, kadiria mita kumi na moja au kumi na mbili zaidi. Jumla ni kama mita ishirini. Sasa punguza mwendo uwe nusu, kilomita 15 kwa saa. Za kushtuka zinakuwa mita nne, za breki zinashuka hadi tatu hivi. Jumla saba. Mwendo umepungua nusu, lakini nafasi unayohitaji imepungua karibu mara tatu, kwa sababu sehemu ya breki inakua kwa mraba wa mwendo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu. Kwenye njia nyembamba, anayekuja upande wa pili naye anatembea. Ukiwa unaona mita ishirini hadi kwenye kona, hizo si zako zote. Nusu ni zake. Kwa hiyo mwendo wako unapaswa kukuruhusu kusimama ndani ya nusu ya kile unachokiona. Siku ile mimi na mzee tulionana kwa mita kumi na tano. Mimi niliyekuwa napanda kwa mwendo wa mtu anayetembea ningeweza kusimama kwa hatua moja. Yeye alikuwa na mita zilizobaki zote, na bado hazikumtosha.

Hazikumtosha kwa sababu ya uzito. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Miwili ni 100. Ongeza baiskeli ya chuma ya kilo kama 20 na mtu mwenye kilo 60 na kitu, unafika kama kilo 185. Mimi na baiskeli yangu hatukufika 85. Kwa mwendo uleule, breki zake zilitakiwa kumeza nguvu zaidi ya mara mbili ya zile za kwangu, na breki zenyewe ni vipande vinne vya mpira vinavyovutwa na vyuma kubana rimu. Ndipo kandambili ikaongezwa. Mzigo ukiwa nyuma na juu, ukibana breki ya mbele kwa nguvu baiskeli inataka kupinduka, na ukibana ya nyuma tu tairi linateleza. Mtu anayeshuka na mzigo wa namna hiyo ameshachagua mwendo wake tangu juu, na anachoweza kufanya njiani ni kuulinda usizidi.

Upande wa pili ni anayepanda. Kwa nini kanuni inampendelea? Si kwa sababu amechoka, ingawa amechoka. Ni kwa sababu akisimama, kuondoka tena ni kazi nyingine kabisa. Baiskeli husimama wima kwa kutembea. Kwenye mchanga wa mlimani, ukishaweka mguu chini, unatakiwa kuinua mguu huo, kukanyaga pedeli kwa mguu mmoja, na kupata mwendo wa kutosha ndani ya mzunguko mmoja kabla hujaanguka. Mara nyingi haiwezekani. Utasukuma hadi juu. Anayeshuka akisimama, anaachia breki tu na mlima wenyewe unamwondoa. Kusimama kunamgharimu anayepanda mlima mzima, na anayeshuka kunamgharimu sekunde kumi.

Kanuni ya IMBA ilipima jambo hilo: nani anapoteza zaidi akisimama, na nani anaweza kusimama kwa urahisi zaidi. Kwa baiskeli mbili zinazofanana, zisizo na mzigo, jibu daima ni kwamba anayeshuka apishe. Ukiweka kilo 100 za saruji kwenye keria ya anayeshuka, jibu linageuka. Mimi niliyepanda nikiwa mtupu ndiye niliyekuwa na uwezo wa kusimama, na hasara yangu ingekuwa kusukuma baiskeli nyepesi mita hamsini. Nilitakiwa kutoka njiani tangu niliposikia zile breki zikilia.

Walioko njiani mwetu

Ukishika kipimo hicho, watu wa njia zetu wanajipanga wenyewe, hata wale ambao kanuni za kigeni hazikuwawaza.

Anza na mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Uwanda wa Makonde una mabomba sasa, lakini una historia ndefu ya shida ya maji: udongo wa juu unayanywa maji ya mvua yote, chemchemi ziko chini mabondeni, na kwa miaka mingi kushuka na kupanda na maji ilikuwa kazi ya kila siku. Bomba likikauka, kazi hiyo inarudi. Mwenye ndoo ya lita 20 kichwani ana kilo 20 juu ya shingo. Hawezi kugeuza kichwa kukutazama. Hawezi kuruka pembeni. Akishtuka, maji yanamwagika, na safari yake ya saa nzima imekwisha. Kwa hiyo ukimkuta kwa nyuma, kengele ya ghafla karibu na sikio lake ni ukatili, hata kama hukukusudia. Punguza mwendo ukiwa mbali, sema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo mama, nipo nyuma yako na baiskeli," kisha umfuate polepole hadi yeye mwenyewe apate mahali pa kusimama. Akisimama, pita ukiwa unatembea au kwa mwendo wa kutembea. Ikiwa anapanda na wewe unashuka, shuka kwenye baiskeli kabisa.

Watoto wa shule ni jambo tofauti. Wao wanakuona, na ndiyo hatari yenyewe. Wa kwanza anakimbilia kushoto, wa pili anakimbilia kulia, wa tatu anaamua kumfuata wa kwanza wakati gurudumu lako limeshafika. Usijaribu kupita katikati yao. Simama, waache wapite wao, ukitaka wasalimie; watakuzunguka na kuigusa baiskeli, na utachelewa dakika mbili.

Farasi hatuna, ila mbuzi wapo. Mbuzi wa hapa mara nyingi hufungwa kamba ndefu kwenye mti, na huvuka njia kula upande wa pili. Unachoona ni mbuzi aliyetulia pembeni. Usichokiona ni kamba ya katani iliyolala kwenye vumbi. Akishtuka na kukimbia, kamba inanyanyuka hadi usawa wa habu yako. Ukimwona mbuzi amesimama upande mmoja, tafuta kwanza mti wake uko upande gani.

Kisha kuna baiskeli za mizigo zinazopanda. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, utakutana nazo nyingi zikielekea kwenye ghala za vyama vya msingi. Gunia la korosho ghafi lililojaa lina kilo 80 hivi. Mwenye nalo hapandi baiskeli. Anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika gunia kwa nyuma, kichwa kimeinama. Huyu ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote kwenye mlima. Ana uzito na mlima kwa pamoja, na akisimama anabaki akiuzuia mzigo usirudi nyuma. Kama njia ni nyembamba na wewe unashuka, rudi juu hadi penye upana hata kama ni mita thelathini. Nimeona watu wakijibanza ukutani wakidhani wamepisha, na mwenye gunia analazimika kukanyaga ukingo wa nje ili awazunguke. Kujibanza namna hiyo si kupisha.

Bodaboda wanaingia kwenye njia hizi pia, na hapo kipimo kiko wazi: mwenye injini hapotezi chochote akisimama, kwa hiyo yeye ndiye wa kupisha kila mtu. Mambo hayaendi hivyo. Mwenye pikipiki anapiga honi na wote wanaruka majanini. Sina dawa ya haraka ya hili. Najua tu kwamba mwendesha baiskeli anayelalamikia bodaboda asubuhi, na jioni akamrukisha bibi kwenye mihogo, anafanya jambo lilelile.

Namna ya kupisha, na namna ya kupita

Kupisha kuna ufundi wake. Pisha mapema, mahali unapopachagua wewe, badala ya kungoja mkutane penye finyu. Simama kabisa; usiendelee kuendesha ukikanyaga majani ya pembeni. Ukiendesha pembeni unaifanya njia kuwa pana, na njia za huku zimepakana na mazao. Mihogo, mbaazi na kunde hupandwa hadi ukingoni. Upana ulioongezwa kwa tairi ni mstari wa mbaazi za mtu.

Kwenye ubavu wa mlima, weka mguu wako upande wa juu na uegemee huko pamoja na baiskeli. Ukiweka mguu upande wa bonde, ukiteleza unakwenda na baiskeli yako. Usukani uvute ndani, kwa sababu usukani mpana wa baiskeli za kisasa ndio unaonasa magunia ya watu. Tanzania tunakaa kushoto barabarani, na penye upana wa kutosha fuata hivyo hivyo, kila mtu kushoto kwake. Ila penye korongo upande mmoja, atakayesimama akae ukutani na anayepita apite nje akiwa ameona vizuri, au, ikiwa anayepita ana mzigo, yeye apewe upande wa ndani na wewe urudi nyuma utafute mahali pengine. Semeni. Maneno mawili yanatosha: "Pita ndani, mzee."

Mkiwa wengi kwenye msafara, wa kwanza aseme idadi: "Nyuma wapo watatu." Wa mwisho aseme, "Mimi wa mwisho." Bila hivyo, mtu uliyempita anarudi njiani akidhani mmekwisha, na wa nne anamvaa.

Kumpita mwenye baiskeli aliye mbele yako nako kuna neno la kuangalia. Waendesha baiskeli wa nchi za Ulaya na Marekani hutaja upande watakaopitia, na baadhi ya vijana wetu wameiga, wanapiga kelele "Kushoto!" kutoka nyuma. Mtu akisikia "Kushoto!" huku kwetu anaelewa kwamba anaambiwa aende kushoto, naye anakwenda hukohuko unakopita wewe. Sema "Naomba njia," kisha ngoja. Uamuzi wa wapi na lini ni wa aliye mbele. Hajakuzibia, amekutangulia tu.

Na hapa niseme jambo ambalo naliamini kuliko mengine yote niliyoandika. Salamu yetu ni kipimo cha mwendo. Shikamoo inataka marahaba. Ukisema shikamoo ukapita kabla hujaisikia marahaba, hukusalimia, na mwendo wako ulikuwa mkubwa mno kwa njia ile. Ukienda kwa mwendo unaokuruhusu kuisema, kuisikia ikijibiwa, na kuona uso wa aliyeijibu, uko ndani ya zile mita saba. Sikuhitaji kitabu cha California kulijua hilo, kwani bibi yangu alinifundisha kusalimia njiani nikiwa na miaka mitano. Nilichohitaji ni kukumbuka kwamba baiskeli hainiondoi kwenye mafundisho yake.

Ndiyo maana saa za simu zinanipa wasiwasi. Programu kama Strava hupima kipande cha njia na kupanga nani amekipita kwa kasi zaidi. Kwenye uwanja wa mashindano ni jambo zuri. Kwenye njia ya kisimani linamfanya mtu aone kila anayekutana naye kama sekunde zilizopotea. Ukitaka kushindana na saa, barabara kubwa ya vumbi asubuhi na mapema itakutosha.

Misimu

Kuna adabu ambazo hazihusu kupishana, lakini mgeni wa njia asiyezijua ataudhi watu hata akipishana vizuri namna gani.

Miezi ya kiangazi, kuanzia kama Juni, wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Hupulizwa usiku wa manane au alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande. Ukisikia mashine ya kupulizia mbele yako, simama. Si kwa ajili ya macho na kifua chako tu. Mpulizaji ana kelele masikioni na wingu mbele yake, hawezi kukuona. Ngoja amalize mstari, akuone, akuashirie.

Korosho zikianza kudondoka, chini ya mikorosho pamefagiliwa ili ziokotwe kwa urahisi. Njia nyingi za mkato hupita hapohapo. Nje ya msimu hakuna anayejali. Ndani ya msimu, tairi lako linapasua mavuno ya mtu, na mtu asiyejulikana anayekatiza shamba la korosho zikiwa chini anatiliwa shaka, kwa haki kabisa. Zunguka kwa njia kubwa, au omba kwa mwenyewe.

Likizo za shule ndiyo majira ya jando na unyago katika vijiji vingi vya kusini. Ukiona njia imewekewa tawi au kizuizi, au ukisikia ngoma na nyimbo kutoka kwenye pori dogo, geuza. Usiulize wala usichungulie, na simu ibaki mfukoni. Huenda ni njia uliyopita wiki iliyotangulia bila shida. Wiki hii si yako.

Mvua za huku huanza Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Udongo mwekundu ukilowa hukatwa na tairi, mfereji ukishakatwa maji huufuata, na kufikia Machi pale palipokuwa na njia pana futi mbili kuna korongo la kumvunja mtu kifundo. Tairi linaloburutwa kwa kubana breki ya nyuma ndilo linaloanzisha uharibifu huo, hata kiangazi. Mvua kubwa ikinyesha, subiri siku mbili. Ukikuta dimbwi, pita katikati yake kwa miguu. Ukilizunguka unatengeneza njia ya pili.

Kwa walioko upande wa Lindi wanaotamani uwanda wa Rondo, kumbukeni kwamba sehemu ya msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Kuingia ni kwa kibali. Kanuni ya kwanza ya IMBA, pita palipo ruhusa, huko ni sheria.

Yule mzee bado anashuka na Phoenix yake. Siku hizi akikaribia kona anapiga mluzi, mrefu mmoja, naye ameniambia kwamba aliuanza baada ya siku ile. Mimi nikiusikia naondoka njiani na kuingia penye upana kidogo, hatua chache chini ya mahali tulipoangukia. Saruji iliyomwagika ilisombwa kidogo na upepo, iliyobaki ikakutwa na mvua za Desemba ikashika. Ni doa la kijivu la ukubwa wa ungo. Wanaopanda na magunia husimamisha baiskeli zao juu yake kupumzika, kwa sababu hapo stendi haizami.